Binti ana miaka 14: abaki kuwa mrushaji au akae nyuma ya kibao?

MamaKitiChaKukunja

Habari zenu wazazi wenzangu. Najua humu ndani mpira wa miguu ndio unaozungumzwa zaidi, lakini nimeona wawili watatu wenye watoto wanaocheza softiboli (ule mchezo wa gongo, ndugu wa besiboli) hapa Marekani, kwa hiyo naleta la kwangu.

Nina binti wa miaka 14, ameanza darasa la 9. Mimi huu mchezo sikuujua kabisa. Miaka minne iliyopita aliniletea karatasi ya shule nikasaini, nikidhani ni jambo la miezi miwili. Leo nautambua mpira unaozama na mpira unaopanda hata kabla refa hajafungua mdomo, na kiti changu cha kukunja kimechoka kuliko mimi.

Shida yenyewe ni hii. Mtoto anacheza nafasi mbili. Tangu ana miaka 11 ni mrushaji, anayemrushia mpigaji mpira. Kila Jumanne ana mwalimu wa kurusha, na siku nyingine mimi au baba yake tunakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa tukimdakia. Mwaka jana mwanzoni alikuwa anarusha maili 48 kwa saa, sasa rada inasoma 52, siku nzuri 53. Ana mpira wa polepole mzuri ambao wapigaji wanauwahi mno wakabaki wakipiga hewa.

Halafu msimu uliopita mdakaji wa timu yao, yule anayechuchumaa nyuma ya kibao cha mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, aliumia kidole asubuhi ya mashindano. Kocha akamvalisha binti yangu vile vifaa, kinyago na ngao za miguu, vyote vikubwa kwake. Alidaka mechi tatu siku ile. Alitoka na vumbi hadi kwenye kope na alama ya bluu pajani yenye ukubwa wa sahani, akaongea njia nzima kurudi nyumbani. Tangu hapo anadaka mechi moja moja.

Sasa kocha wa klabu anasema kabla hawajapanda kwenda kundi la chini ya miaka 16 achague moja, kwa sababu mshika mawili moja humponyoka. Na mtoto anataka kucheza chuoni, hilo analisema mwenyewe, hatumsukumi. Baba yake anasema abaki kurusha, maana vyuo vinatafuta warushaji. Mzazi mwingine pale uwanjani akaniambia kote huko tunapoteza muda, afundishwe shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, kwamba wachezaji wote wa chuo walianza kama shotistopu. Nikimuuliza mwenyewe ananijibu "popote tu mama."

Anarusha kwa mkono wa kulia, anapiga kulia. Ana urefu wa futi 5 na inchi 6. Si mwepesi sana wa mbio. Kupiga anapenda kuliko kitu chochote.

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Naomba mnisaidie kwa uzoefu, maana ya mitandaoni nimesoma hadi macho yanauma na kila mmoja anauza kitu.

---

BabaNambaSaba

Kurusha. Mwisho wa mjadala.

Softiboli ni mchezo wa mrushaji, dada. Mchezaji wa uwanja wa nje anaweza kukaa mechi nzima asiuguse mpira mara tano, lakini mrushaji anaugusa kila mchezo unapoanza. Mrushaji NiJaree Canady alipohama chuo cha Stanford kwenda Texas Tech mwaka 2024 alipewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka mmoja. Milioni, kwa msichana wa softiboli wa chuo! Nitajie mdakaji aliyepewa hizo.

Ana maili 52 akiwa na miaka 14, na wewe unauliza swali? Muacheni arushe.

---

MguuMwepesi

Mimi naongeza njia nyingine. Mgeuzeni apige kushoto. Wakwangu alikuwa wa kulia, kocha akamhamishia upande wa wapigaji wa kushoto, akajifunza kupiga huku tayari anakimbia. Kutoka kushoto uko karibu zaidi na besi ya kwanza na mwili tayari unaelekea huko. Natasha Watley wa UCLA, aliyekuwa shotistopu wa Marekani wakati wanachukua dhahabu Athens 2004, alikuwa anawatesa watu namna hiyo hiyo. Msichana mwenye mbio kali anapata nafasi uwanja wa nje hata kama hana nguvu za kupeleka mpira mbali.

---

MlinziWaKibao

Shikamoo dada. Nilidaka miaka minne chuoni, Divisheni ya 2 (ngazi ya pili ya michezo ya vyuo, ya 1 ndiyo ya juu), na sasa jioni baada ya kazi nafundisha wasichana wa rika la binti yako. Kwa hiyo nina upendeleo, ujue mapema, usiyameze yote nisemayo.

Nianze na kitu ulichokiandika mwenyewe ukapita nacho mbio. Umesema siku aliyodaka mechi tatu aliongea njia nzima kurudi nyumbani. Akitoka kurusha anakuwaje ndani ya gari? Usinijibu haraka. Nitalirudia hapo chini.

Kuhusu namna vyuo vinavyosajili: warushaji wanasajiliwa kama warushaji, wadakaji kama wadakaji, na hao wengine wote kocha anasajili mwili na akili, nafasi atawapa akishawafikisha. Ndiyo maana yule mzazi mwenzako amekuambia habari ya shotistopu. Hajakosea. Timu ya klabu humweka pale msichana mwenye mikono bora na miguu bora, kocha wa chuo akija anachukua mashotistopu wanne, mwaka unaofuata mmoja yuko besi ya pili, mmoja besi ya tatu, mmoja anakimbia uwanja wa nje. Lakini umesema wako si mwepesi wa mbio. Kumpeleka shotistopu sasa ni kumpeleka kushindana pale ambapo wenzake wote ni swala. Na kwa sababu hiyo hiyo, kaka MguuMwepesi, ushauri wako ni mzuri ila si wa mtoto huyu. Anayepiga kwa kukimbia anatakiwa afike besi ya kwanza kwa sekunde 2.8 au chini, na futi 60 hazipungui kwa kuombwa. Mtoto anayependa kupiga mpira uende mbali ukimbadilisha uanze kumfundisha kuugusa ugusike, utamuua moyo.

Sasa kurusha. Maili 52 kwa miaka 14 ni nzuri, tena sana. Chuoni umbali wa kurusha ni futi 43, huo huo anaourusha sasa hivi, kwa hiyo hakuna mshangao wa umbali. Kinachobadilika ni mpigaji. Warushaji wa Divisheni ya 1 wengi wako maili 60 na kitu, wakali wanagusa 70. Anaweza kufika? Anaweza, bado anakua. Lakini swali langu kwako si la rada. Ni nani anaanzisha zoezi nyumbani kwenu? Ni yeye anayekuja na ndoo, au ni ninyi mnaomwita? Kurusha ni kazi ya siku nne tano kwa wiki, mipira ile ile, hakuna anayekupigia makofi. Msichana wa kurusha chuoni niliyekuwa namdakia alikuwa anarusha soksi zilizokunjwa ukutani chumbani saa tano usiku, majirani wakalalamika. Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo. Ukiona ugonjwa wa aina hiyo kwa mtoto, usibishane nao, mpe mpira.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka limewafika. Umesema kupiga anapenda kuliko kitu chochote. Chuoni mrushaji mara nyingi hapigi kabisa. Kanuni zinaruhusu timu kuweka mtu wa kupiga badala ya mchezaji mmoja anayekaa uwanjani tu, na huyo mmoja karibu kila mara ni mrushaji. Wapo wanaofanya yote mawili, lakini kwa kawaida kocha atamwambia "wewe tunza mkono." Miaka minne bila kushika gongo. Nina rafiki aliyelia kwa hilo, na alikuwa mrushaji mzuri.

Kanuni hiyo hiyo ina upande wake wa pili, na upande huu ni mtamu: anayejua kupiga haachwi nje. Jocelyn Alo wa Oklahoma alimaliza chuo mwaka 2022 akiwa na homurani 122, yaani mipigo inayovuka uzio, hakuna aliyewahi kufika hapo Divisheni ya 1, na misimu yake ya mwisho sehemu kubwa alikuwa anapiga tu, glavu imekaa kwenye mfuko. Kwa hiyo chochote mtakachochagua, zoezi la kupiga lisiguswe. Gongo ndilo linalofungua mlango, nafasi ni kiti utakachoonyeshwa ukishaingia.

Kaka BabaNambaSaba, umeniomba mdakaji. Fainali ya vyuo ya 2025 pale Oklahoma City, mechi ya kwanza, Texas na Texas Tech. Awamu (inning) ya 6 Canady huyo huyo wa milioni anaambiwa ampe mpigaji besi ya bure makusudi, asipige. Mpira haukwenda mbali vya kutosha na kibao, mpigaji akaufikia, wakaingia wawili, Texas ikashinda 2-1, na mwishowe ikachukua ubingwa. Mpigaji huyo ni Reese Atwood. Anacheza nafasi gani? Mdakaji. Sisemi zaidi.

Tuje kwenye kudaka kwenyewe, maana hapa ndipo najua kitu.

Wasichana wengi hawataki. Joto, vifaa, michubuko, kuchuchumaa zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Ukienda kwenye mashindano ya wikiendi utakuta kila timu ina warushaji wanne na mdakaji mmoja na nusu. Huyo nusu ni mtoto wa mtu aliyevalishwa vifaa kwa dharura, kama wako. Nafasi chuoni ni chache pia, timu inabeba wawili watatu, lakini wanaozigombania kwa dhati ni wachache zaidi.

Kocha anapima kitu kimoja kwanza: muda kuanzia mpira unapogonga glavu ya mdakaji mpaka unapogonga glavu ya mwenzake kwenye besi ya pili. Umbali ni karibu futi 85, yaani mita 26 hivi. Katika softiboli mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kwenye besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, kwa hiyo ni mashindano ya haki kabisa, na yanaamuliwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Binti wa miaka 14 akiwa na 2.1 au 2.2 yuko mahali pazuri pa kuanzia. Akishuka chini ya 1.9 watu wanaanza kugeuza shingo. Chini ya 1.8 wanatoa kalamu. Na usidanganyike kwamba ni nguvu za mkono. Karibu nusu ya muda huo ni miguu na kuhamisha mpira kutoka kwenye glavu kwenda mkononi. Mtoto aliyerusha miaka mitatu ana mabega na nyonga zilizozoea kazi, ila kurusha kwake ni kwa chini na huku ni kwa juu. Afundishwe upya, asiokoteze.

Lakini kilichonisajili mimi hakikuwa saa. Kocha wa chuo alikuja kumwangalia mrushaji wetu. Mimi sikuwa kwenye karatasi yake. Mechi ile kila mpira ulipopigwa chini na hakuna mkimbiaji kwenye besi, nilivua kinyago nikakimbia nyuma ya mpigaji hadi karibu na besi ya kwanza, ili mpira ukimpita mwenzangu niudake. Ndivyo nilivyofundishwa, sikujua kama ni kitu. Mbio zote zile na mpira haukunijia hata mara moja. Baada ya mechi alimuuliza kocha wangu, "huyo mtoto anayekimbia bure ni nani?" Mdakaji anatazamwa kati ya mchezo na mchezo: anaongea na nani, anafanya nini mrushaji wake akianza kutetereka, anamrudishiaje mpira. Ndiyo maana nimekuuliza habari ya gari.

Onyo mbili. Haisikuli na klabu nyingi zinaruhusu mdakaji akifika kwenye besi abadilishwe na mkimbiaji wa muda, ili akavae vifaa. Ni jambo zuri ila linawadanganya watoto. Chuoni halipo, na makocha wanajua, kwa hiyo watataka kuona akikimbia. Mwambie kocha mara moja moja amwache akimbie mwenyewe. La pili ni magoti na mkono. Asidake mechi zote tano za wikiendi eti kwa sababu hawana mwingine. Na kurusha na kudaka siku moja ni mzigo mara mbili kwa bega lile lile. Hapo tu ndipo nakubaliana na kocha wenu kuhusu kuchagua.

Ningekuwa wewe? Ningempa mwaka mmoja wa kudaka kama kazi yake ya kwanza, kurusha kubaki akiba ya siku ambazo hajadaka. Darasa la 9 ni mapema, na kurudi kutoka kudaka kwenda kurusha ndani ya mwaka bado inawezekana. Baada ya miaka miwili, hapana.

---

BabaNambaSaba

Dada MlinziWaKibao umeandika gazeti lakini sawa, la Atwood nimelipokea. Nilikuwa naangalia mechi ile. Nilirusha rimoti.

Bado nasema mtu asiache maili 52 hivi hivi. Kama ni ya wangu ningefurahi na 45.

---

KaratasiKwanza

Naona mnajadili nafasi, naomba nitie neno kwenye karatasi, maana binti yangu mkubwa tulichelewa huko.

Mama, kwa Divisheni ya 1 kocha wa chuo haruhusiwi kuzungumza na mtoto habari za usajili mpaka tarehe 1 Septemba ya darasa la 11. Mtoto anaweza kuandika barua pepe kabla ya hapo, na aandike, ila akijibiwa kimya au kwa tangazo la kambi ya mazoezi asidhani amekataliwa. Sisi tulidhani hivyo tukaacha kuandika mwaka mzima. Wanaweza kuja kumwangalia, hilo hawajakatazwa. Kwa hiyo mna miaka miwili kabla simu haijalia. Hakuna haja ya kuchagua leo kana kwamba kesho kuna mnada.

Kuhusu fedha, nisikuvunje moyo, lakini picha ya skolashipu kamili si ya wengi. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya 1 ilikuwa na skolashipu 12 tu za kugawana kwa wasichana ishirini na zaidi, Divisheni ya 2 zilikuwa 7.2, na Divisheni ya 3 hakuna ya michezo hata moja, ni ya masomo na uhitaji. Tangu msimu wa 2025-26, vyuo vya Divisheni ya 1 vilivyoingia kwenye ule mpango mpya wa vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja vimeondolewa kikomo cha skolashipu, badala yake timu ya softiboli haizidi wachezaji 25. Maana yake fedha zinaweza kuwa nyingi zaidi lakini viti ni vya kuhesabu, na mchezaji wa "tutamjaribu tuone" hana pa kukaa kama zamani. Hapo mdakaji wa tatu na mrushaji wa sita ndio wa kwanza kuonja.

Na masomo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka masomo ya msingi 16 ya haisikuli, Divisheni ya 1 kwa wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Hesabu hiyo inaanza darasa la 9, yaani sasa hivi. Nenda kwa mshauri wa shule wiki hii muulize ni masomo gani ya shule hiyo yanayotambuliwa. Kuna somo moja la wangu lililokuwa na jina zuri kabisa na halikuhesabiwa.

Wastani wa 3.7 umetusaidia kupata fedha kuliko gongo lilivyotusaidia, na tulilinunua gongo kwa machozi.

---

MguuMwepesi

Mlinzi nimekubali, mimi nilimwona wangu tu. Ila Mama hujasema mtoto anafika besi ya kwanza kwa sekunde ngapi. Usimwite si mwepesi kwa macho ya mama.

---

MamaKitiChaKukunja

Nimerudi. Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea baba yake kwa sauti, isipokuwa sehemu ya rimoti ambayo alicheka kabla sijamaliza.

MguuMwepesi, tulimpima. Sekunde 3.2. Kwa hiyo macho ya mama hayakusingizia.

KaratasiKwanza, nimeshamwandikia mshauri wa shule. Sikujua darasa la 9 linahesabiwa. Nilidhani ni mwaka wa kuzoea.

Mdogo wangu MlinziWaKibao, marahaba. Swali lako la gari limenikalisha. Akirusha, hata timu ikishinda, anaweka vipokea sauti masikioni na kutazama dirishani. Nilikuwa najiambia ni uchovu. Akidaka ananieleza nani alikuwa anaogopa mpira wa ndani, refa alikuwa anabana upande gani, mrushaji wao alianza kushusha bega awamu ya ngapi. Nimekuwa nikiyasikia haya miezi sita na sikuwahi kuyasikia.

Basi nikafanya jaribio, na naomba msinicheke. Ndoo ile niliiacha mlangoni wiki nzima bila kusema neno. Nikamwambia na baba yake anyamaze, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Jumatatu haikuguswa. Jumanne akaenda kwa mwalimu wake kwa sababu ni Jumanne. Jumatano, Alhamisi, ndoo ipo pale pale, baba yake anaipita kama mtu anayepita msiba. Ijumaa nikasikia vishindo gereji. Nikachungulia. Amepiga magoti kwenye sakafu, amevaa kinyago na ngao ya kifua, anarusha mpira wa tenisi ukutani na kuuzuia kwa kifua unaporudi. Mikono nyuma. Alikuwa anahesabu. Alikuwa amefika themanini na kitu.

Nikarudi ndani kimyakimya.

Usiku nikamwambia, si kwa swali la "unataka nini" maana najua jibu lake ni "popote." Nikamwambia mwaka huu tunajaribu udaki kwanza, na Jumanne ya kurusha iwe mara mbili kwa mwezi. Akasema "sawa," kisha baada ya dakika kama kumi akatoka chumbani akauliza kama glavu ya kudakia inaweza kupatikana kabla ya mazoezi ya Jumapili.

Kocha wa klabu hakufurahi. Ana warushaji wawili tu waliobaki, nilivyomwelewa hofu yake haikuwa mtoto wangu kuchagua bali kuchagua vibaya kwa upande wake. Hayo tutayamaliza wenyewe.

Maswali mawili tu kwa Mlinzi. Glavu ya ukubwa gani? Na huo muda wa kutupa besi ya pili tunaupimaje bila kununua mashine?

---

MlinziWaKibao

Themanini na kitu bila kuambiwa! Dada, huyo ameshachagua, mlikuwa mnasubiri kujulishwa.

Glavu ya mdakaji wa softiboli, inchi 33 inamtosha. Kuna za 34, muuzaji atakuambia "atakua," usikubali, kubwa mno inamchelewesha kutoa mpira. Na iwe ya softiboli kweli, ya besiboli mfuko wake ni wa mpira mdogo. Aizoeshe kwa kudakia, si kwa kuilaza chini ya godoro kama sisi tulivyodanganywa.

Kupima: simu. Mtu asimame pembeni arekodi kwa kasi ya juu ile ya kupunguza mwendo, glavu zote mbili zionekane au angalau zisikike, kisha mhesabu kwenye video kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili. Saa ya mkononi haifai, kidole cha mtu kinachelewa au kinawahi, hasa kidole cha mzazi. Mpimeni mara tano, muache ya juu na ya chini, mchukue ya katikati. Tena msimpime kila siku. Mara moja kwa mwezi.

Na kinyago kile cha timu kikubwa kwake, kibadilisheni kabla ya hata hiyo glavu.

---

BabaNambaSaba

Tuwekeeni namba mkishapima. Nina maslahi ya kihisia sasa.

---

MamaKitiChaKukunja

Jumapili baada ya mazoezi. Kinyago kipya kimeshapatikana.

2.14, 2.09, 2.21, 2.11. Ya tano haina muda. Baba yake ndiye aliyeshika simu, na mimi ndiye niliyesimama besi ya pili na glavu. Ule wa tano nilikwepa.